VIWAVI WA NYANYA: KUWATAMBUA NA KUWADHIBITI

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Maryland, asubuhi ya siku ya pili

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, ndugu zangu mliosafiri kutoka Muscat, Leicester, Minneapolis na kwingineko, vijana wetu na wajukuu:

Kamati ya maandalizi iliponitaka nizungumze, nilitaraji kupewa mada inayolingana na mvi zangu, kama vile historia ya ukoo au adabu za kale. Badala yake nikaarifiwa kwamba wanaukoo saba, katika nchi tatu, wameuliza jambo lilelile: nyanya walizozipanda nyuma ya nyumba zao zinaliwa na viwavi, wafanyeje? Na kwa kuwa vijana wamekwisha kunipachika jina la Bwana Shamba, nikaonekana ndiye. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si mtaalamu wa kilimo. Nilikuwa mtunza masjala serikalini kwa miaka 31, nikastaafu kwa hiari mwaka 2014 nikiwa na umri wa miaka 55, na mwaka uleule nikaja huku kwa wanangu. Ninayoyasema leo nimeyapata kwa kuinama bustanini, kwa kuwauliza wanaojua, na kwa kosa moja kubwa ambalo nitalieleza kabla sijaketi. Nakiri kwamba nimekubali mwaliko huu kwa ajili ya kosa hilo zaidi kuliko kwa ajili ya viwavi.

Kwanza tuafikiane juu ya maneno. Wenzetu wa Muscat wenye asili ya Unguja nikisema nyanya wanafikiri namtaja bibi wa mtu. Basi wao wasikie tungule. Na nikisema nondo, vijana mnaofanya kazi za ujenzi msidhani nazungumzia vyuma. Nondo ni yule mdudu mwenye mbawa, jamaa ya kipepeo, arukaye usiku na kuzunguka taa. Yeye ndiye mama wa viwavi wote nitakaowataja. Yeye mwenyewe hali nyanya. Hutaga mayai na kwenda zake, wakala watoto.

Sasa niwasimulie nilivyoingia katika elimu hii. Mwezi Julai mwaka 2019 nilikuwa na miche kumi na miwili ya nyanya, imefika kifuani, nami naisifia kwa kila mgeni. Asubuhi moja nikakuta mche wa pembeni umebaki vijiti vitupu kuanzia juu hadi kiunoni. Siku ya pili, mwenzake. Nikawatuhumu kulungu, maana mtaani kwetu kulungu hutembea kama mbuzi wa Tanga mjini. Nikazungusha wavu. Siku ya tatu mche mwingine ukaliwa, na wavu ukiwa haujaguswa. Mke wangu, ambaye hakuwahi kusoma kilimo mahali popote, akasimama dakika moja tu akaniuliza, “Na hizi punje nyeusi chini ni za kulungu gani?” Nikatazama. Yalikuwa mavi ya mdudu, makubwa kama pilipili manga, yenye migongo migongo. Nikainua macho kutoka pale yalipoangukia, na hatimaye nikamwona: kiwavi wa kijani, mnene kama kidole changu cha gumba na mrefu kupita kidole cha kati, amejinyoosha chini ya kikonyo cha jani, rangi yake na rangi ya mmea ni moja. Nilikuwa nimempita kwa siku tatu.

Nilimtia katika chupa ya jamu nikampeleka kwenye ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Maryland. Bibi mmoja mzee aliyekuwa zamu alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Alinionyesha pembe iliyo mkiani mwake na akanifundisha kuitumia kumtambua. Wako wa aina mbili na tabia zao ni moja. Mwenye mistari saba meupe ya mshazari ubavuni na pembe nyekundu ni yule ahusishwaye na tumbaku. Mwenye alama nane zenye umbo la herufi V na pembe ya bluu iliyokoza, karibu nyeusi, ndiye aitwaye wa nyanya. Kwa kweli kila mmoja hula chakula cha mwenzake, kwa sababu tumbaku, nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni mimea ya ukoo mmoja. Maryland ililima tumbaku kwa karne nyingi, kwa hiyo msishangae kwamba wageni hawa ni wenyeji kuliko sisi.

Pembe hiyo, nawahakikishia akina mama, haichomi. Sisi tuliokulia kwetu tumezoea kwamba kiwavi huwasha, nasi hatumshiki hata kwa fimbo. Huyu mshikeni kwa mkono mtupu. Atajikunja na kujitahidi kutisha, basi.

Namna ya kuwadhibiti katika bustani ya nyumbani ni nyepesi kwa watu wenye macho na subira: mtafute, mng'oe, mtupe katika ndoo ya maji ya sabuni. Nendeni asubuhi mapema au jioni jua likishuka, mkaanze kwa kutazama chini, palipo na mavi, ndipo mtazame juu yake. Yupo kijana aliyenifundisha hila nyingine. Kurunzi ya mwanga wa zambarau, ile wenye maduka wanayokagulia noti, ukiwasha usiku bustanini, kiwavi hung'aa kijani huku majani yakibaki meusi. Niliona jambo hilo kwa macho yangu nikacheka peke yangu gizani kama mwendawazimu. Wajukuu wangu sasa huifanya kazi hiyo kwa kugombania, nami huwalipa kwa kichwa.

Yapo mambo mawili zaidi juu yake. Akishiba, baada ya wiki tatu au nne, hushuka ardhini kugeuka pupa wa rangi ya kahawia, mwenye kitu kilichopinda kama mkono wa birika. Hukaa humo majira yote ya baridi. Ukiuchimbua udongo mwishoni mwa msimu, unawafichua kwa baridi na kwa ndege. La pili ni la maana zaidi. Ukimkuta kiwavi amebeba mgongoni vitu vyeupe vilivyosimama kama punje za mchele, usimuue. Hayo si mayai yake. Ni vifuko vya nyigu mdogo sana aliyetaga mayai ndani ya mwili wake. Watoto wakamla kwa ndani, wakatoka, wakasuka vifuko hivyo. Kiwavi wa namna hiyo hali tena, amekwisha. Mwache palepale, na nyigu watakaotoka watawatafuta wengine. Mwaka wangu wa kwanza niliwasaga watano wa namna hiyo kwa kiatu, nikidhani naangamiza mayai. Niliwaua askari wangu mwenyewe.

Dawa? Ninayoitumia, na ambayo naweza kuwashauri bila hofu kwa watoto na nyuki, ni ile itokanayo na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambayo kwenye chupa huandikwa Bt. Haiui kwa kugusa. Kiwavi ni lazima aile pamoja na jani, kisha huacha kula na kufa baada ya siku chache. Kwa hiyo inawafaa viwavi wadogo. Jitu la kidole gumba halitishiki nayo. Jua huiharibu upesi na mvua huiosha, basi inyunyizwe jioni na irudiwe. Wengi huinyunyiza saa sita mchana, wakaona haifanyi kazi, wakanunua sumu kali. Someni maandishi ya chupa.

Kiwavi wa pili ni funza wa matunda. Wa huku Marekani na wa kwetu Afrika, Asia na Ghuba ni ndugu wawili wa karibu sana, na wote hupenda mahindi na pamba kama wapendavyo nyanya. Rangi yake haina uaminifu: kijani, kahawia, hata waridi. Nondo hutaga yai mojamoja kwenye majani yaliyo karibu na maua. Mtoto akitoka hutoboa tunda bichi karibu na kikonyo, akala, akatoka, akaingia la pili. Akiisha kuwa ndani hakuna dawa itakayomfikia. Kwa hiyo unatakiwa kuwahi wakati wa maua, na kila tunda lenye tundu lichumwe litolewe bustanini, lisiachwe chini ya mche. Wale mliopanda nyanya ubavuni mwa mahindi kama walivyofanya mama zetu, angalieni mahindi yakikauka, maana nondo waliokuwa wakiyafuata watahamia jirani.

Sota nitampita haraka kwa kuwa mnamjua. Ndiye akataye mche mchanga usiku usawa wa ardhi, na asubuhi ukichimba kidogo unamkuta amejikunja. Kata kipande cha boksi au lile bomba la karatasi ya chooni, uvike mche kama kola, ukikizamisha udongoni kiasi cha sentimita mbili au tatu.

Shangazi zangu wa Leicester wanaootesha nyanya ndani ya vyumba vya vioo, mgeni wenu ni mwingine. Ni kiwavi wa kijani au kahawia, mwenye mstari wa manjano ubavuni, urefu kama sentimita nne, na mayai yake hutagwa kwa mafungu chini ya jani. Fungu hilo mkiliona mapema mkachuma jani moja, mmemaliza kazi ya mwezi mzima.

Nimefika sasa kwa mdudu aliyenifanya niombe nafasi hii. Huyu ni mdogo kuliko wote. Kiwavi wake akikomaa hafiki hata milimita nane. Nondo wake ni wa rangi ya majivu yenye kung'aa, na mchana hujificha. Wataalamu walimwita Tuta absoluta, na hivi karibuni wamembadilisha jina la kwanza. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akaenea pande zote za bahari ya Mediteranea, akavuka Afrika ya Kaskazini, akashuka. Mwaka 2014 alikuwa amekwisha kuingia Kenya na Tanzania. Nchi za Ghuba pia amefika. Kwetu wakulima walimpa jina la Kantangaze, na mimi kila nilisikiapo hudhani ni mdudu mwenyewe asemaye: nenda kanitangaze. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 200, na penye joto kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa mwezi au pungufu. Kiwavi hula nyama ya jani akiwa katikati ya ngozi zake mbili, jani likabaki na madoa mapana yenye kupenya mwanga, na ndani yake vumbi jeusi la kinyesi. Kisha huingia tunda kwa kupitia chini ya kikonyo. Shamba lisilo na ulinzi laweza kupotea lote.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2015 Mfuko wa Ukoo ulikusanya dola 2,600 tukampelekea mpwa wangu, akodi bonde huko Lushoto alime nyanya, na faida isomeshe watoto watatu wa marehemu kaka yetu. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa Mfuko. Mwezi Februari 2016 akaniletea barua kwamba shamba limekwisha. Aliandika kwamba mdudu asiyejulikana ameingia, kwamba amepuliza dawa mara sita kwa kukopa, kwamba hakupata hata tenga moja la kupeleka Dar es Salaam. Ndani ya barua alitia majani matatu makavu.

Ndugu zangu, nilimjibu kwa kurasa mbili za lugha ya ofisini. Nilitaka stakabadhi za mbegu, za mbolea, za dawa na za vibarua. Nilimwandikia kwamba mimi nimezaliwa Lushoto na sijawahi kusikia mdudu amalizaye shamba zima la nyanya. Stakabadhi hakuwa nazo zote, kama ambavyo hakuna mkulima wa bondeni awezaye kuwa nazo zote. Katika kumbukumbu za mkutano wetu wa mwaka huo, ukurasa wa nne, jina lake likaandikwa chini ya kichwa “Wadaiwa”, kwa mwandiko wangu. Hakuniandikia tena. Yule mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ajiunge na chuo cha ualimu, alikaa nyumbani mwaka mzima.

Miaka mitatu baadaye, siku ile niliyopeleka kiwavi wangu katika chupa ya jamu, yule bibi alinionyesha pia picha za wadudu ambao Marekani inakagua mizigo ili wasiingie nchini. Moja ilikuwa ya jani la nyanya lenye madoa mapana yanayopenya mwanga. Nilimwuliza ni nini. Alinieleza, akataja nchi, akaitaja na yetu.

Nilirudi nyumbani nikafungua jalada. Mtunza masjala hatupi karatasi. Barua ya mpwa wangu ilikuwepo, na yale majani matatu yalikuwepo, yamebanwa kwa pini pembeni, na juu yake nimepiga muhuri wa tarehe. Nilikuwa nimeyapokea, nikayasajili, nikayahifadhi, wala sikuyatazama. Niliyainua dirishani. Mwanga ukapenya, na lile vumbi jeusi lilikuwa bado limo ndani.

Usiku uleule nilimpigia simu. Sitasimulia yote tuliyozungumza. Yatosha kusema kwamba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mjomba, ulikuwa unayo majani.” Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nayo.

Leo analima tena, na niliyo nayo juu ya mdudu huyu nimefundishwa na yeye. Miche yake huikuza ndani ya kitalu kilichofunikwa kwa chandarua chenye matundu madogo, ili isiingie shambani ikiwa tayari na mayai. Hutega sahani za maji yenye sabuni, juu yake ukaning'inizwa mpira mdogo wenye harufu ya jike. Madume huja na kuzama, naye huwahesabu kila asubuhi, na idadi ikipanda ndipo hujua wakati umewadia. Majani yenye madoa na matunda yenye matundu hutiwa katika mfuko wa plastiki, ukafungwa na kuanikwa juani hadi viive humo ndani. Halimi nyanya baada ya nyanya, wala baada ya viazi mviringo au bilinganya. Hufuatisha maharage au kabichi. Mnavu uliojiotea pembeni huung'oa, jambo ambalo mama yake hulilalamikia kwa kuwa ni mboga aipendayo. Hutumia mwarobaini, na akilazimika kutumia dawa ya dukani haitumii ya kundi moja mfululizo, maana mdudu huyu amekwisha kuzizoea nyingi. Hakubali pia matenga ya mchuuzi yaingie shambani kabla hayajasafishwa, kwani humo ndimo mdudu husafiri. Anasema hajamshinda, bali wanagawana, na sehemu ya mdudu inapungua. Wale wa Muscat mtakaopanda majira ya joto yakishapungua, ikagueni miche ya kununua jani kwa jani kabla ya kuilipia.

Ndugu Mwenyekiti, nilimwomba mpwa wangu radhi kwa faragha, naye akanisamehe. Lakini nililomtendea niliandika hadharani, na miaka yote hii sijalifuta hadharani. Mkutano wa mwaka 2020 haukufanyika kwa sababu ya Korona, nami nikaona nimepata udhuru; mikutano iliyofuata nilikuwa na udhuru mwingine, nao haukuwa na jina. Dada yangu, mama yake kijana huyu, amekaa mstari wa pili pale. Tumekula naye meza moja mara nyingi tangu wakati huo, hajawahi kunitamkia neno juu ya ukurasa wa nne. Najua anao.

Kwa hiyo nimepeleka kwa Katibu hoja ya maandishi, nayo ni ajenda ya sita, saa nane mchana: kwamba jina la mpwa wangu lifutwe katika orodha ya wadaiwa tangu mwaka 2016, na sababu iandikwe kwa ukamilifu, ikiwa ni pamoja na jina langu. Ambaye hakubaliani nami ana haki ya kupinga, nami nitajibu maswali yote. Majani matatu nimekuja nayo. Yamo katika bahasha ya kaki juu ya meza ya chai, pamoja na kioo cha kukuzia, na kila mtu anaombwa ayainue dirishani ayatazame kabla ya saa nane.

Karibu yake mtaona chupa mbili zenye viwavi wa pembe niliowatoa bustanini jana jioni. Watoto wanaruhusiwa kuwashika. Yule mwenye punje nyeupe mgongoni asitolewe katika chupa yake. Nitamrudisha kwenye mche leo leo.